Majuto ya Mtunzi na Mkono wa Warithi: Kufinyangwa Upya kwa Never Let Me Down ya David Bowie

Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya maana ya kazi ya sanaa. Wimsatt na Beardsley walipochapisha makala yao kuhusu nia ya mtunzi mwaka 1946, na Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, ubishi ulikuwa juu ya ufasiri: je, mtunzi aulizwe alikusudia nini, au msomaji ajitegemee? Hata mfuasi mshupavu kabisa wa Barthes hakutarajiwa kushika kalamu, kuufuta ubeti wa tatu na kuutunga mwingine mahali pake. Maana iliachwa ielee. Maneno yalibaki palepale yalipowekwa.

Muziki unaorekodiwa studioni umeuvuruga utulivu huo. Rekodi ya kisasa hutunzwa vipande vipande: sauti ya mwimbaji katika mkondo wake, ngoma katika mkondo wake, gitaa na kinanda vivyo hivyo. Aliye na kanda hizo anaweza, miaka thelathini baadaye, kuzing'oa ngoma na kupanda nyingine, huku sauti ya marehemu ikiendelea kuimba kana kwamba hapana kilichotokea nyuma yake. Jambo hili halina mfano kamili katika fasihi andishi, na kwa sababu hiyo wahakiki wa fasihi wana haja ya kulitazama, badala ya kuwaachia wapenzi wa santuri peke yao.

Kisa kinachojadiliwa hapa ni cha David Bowie, mwanamuziki wa Uingereza, aliyetoa albamu iitwayo Never Let Me Down mwezi Aprili 1987, miezi michache baada ya kutimiza miaka arobaini. Miaka minne kabla ya hapo, Let's Dance ilikuwa imemletea mafanikio ya kibiashara ambayo hakupata kuyaonja; Tonight ya 1984 iliifuata kwa haraka na ikapwaya. Albamu ya 1987 ilirekodiwa Montreux, Uswisi, na New York, chini ya Bowie mwenyewe na mtayarishaji David Richards. Ala nyingi zilipigwa na Erdal Kızılçay, mwanamuziki mzaliwa wa Uturuki. Magitaa yalipigwa na Carlos Alomar, mshirika wa Bowie tangu miaka ya 1970, na Peter Frampton, waliyefahamiana naye tangu enzi za shule. Katika soko haikuwa maafa: ilifika nafasi ya 6 Uingereza na ya 34 Marekani. Lakini wahakiki waliibeza, na ziara ya Glass Spider iliyofuata, yenye buibui mkubwa aliyeinamia jukwaa, ikawapa wabezaji chakula zaidi. Baadaye mwenyewe akajiunga nao. Katika mahojiano ya miaka ya 1990 Bowie aliitaja albamu hiyo kuwa ndio upeo wa chini alioufikia katika kazi yake.

Alifariki tarehe 10 Januari 2016. Mwezi Oktoba 2018 ulitoka mkusanyiko wa kazi zake za miaka ya 1983 hadi 1988, uitwao Loving the Alien, na ndani yake albamu hiyo ilikuwamo mara mbili: kama ilivyokuwa 1987, na katika toleo jipya lililosimamiwa na mtayarishaji Mario McNulty. Sauti ya Bowie ilibaki. Vipande vichache vya awali vilisazwa. Ngoma zilipigwa upya na Sterling Campbell, gitaa la besi na Tim Lefebvre, magitaa na Reeves Gabrels na David Torn, na Nico Muhly akaandika sehemu za fidla na jamaa zake. Mahali ambapo mwigizaji Mickey Rourke alikuwa amesikika katika Shining Star, pakawekwa sauti ya Laurie Anderson. Hao si watu wa kuokotwa njiani. Gabrels alikuwa mshirika wa karibu wa Bowie kwa zaidi ya miaka kumi; Campbell na Torn walipiga naye kwa nyakati mbalimbali; Lefebvre alipiga besi katika Blackstar, albamu aliyoitoa siku mbili tu kabla ya kufa. Kama kulikuwa na watu wenye haki ya kuingia chumba cha marehemu bila kubisha hodi, ni hao.

Mashabiki waligawanyika mara moja. Wako waliosema kwamba hatimaye nyimbo nzuri zimevuliwa mavazi mabaya, na kwamba mwenye nyimbo alitaka hivyo. Wako walioona kwamba jambo hilo ni sawa na kumvisha maiti suti ambayo hakuichagua. Na wako, wachache lakini wenye uchungu wa kweli, ambao hawakuona ubaya wowote katika albamu ya kwanza. Kwao hii ndiyo sauti ya ujana wao. Waliinunua ikiwa mpya, waliipenda pamoja na ngoma zake nzito na vinanda vyake vya umeme, na sasa wanaambiwa kwa adabu kwamba walichokipenda kilikuwa kosa lililokuwa likingoja fundi. Kundi hili la mwisho halipewi nafasi kubwa katika mjadala, kwa sababu mapenzi ya kazi isiyosifiwa huonekana kama ujinga. Hata hivyo, wao ndio waliolishika suala mahali panapouma.

Hoja kuu ya upande unaounga mkono haiwezi kupuuzwa, na ni hoja ya nia ya mtunzi. Mwaka 2008 Bowie alichagua baadhi ya nyimbo zake kwa ajili ya mkusanyiko uliotolewa pamoja na gazeti moja la Uingereza. Miongoni mwazo ulikuwamo wimbo Time Will Crawl wa albamu hiyohiyo, ila katika mchanganyo mpya wa McNulty, ukiwa na ngoma za Campbell na fidla zilizoongezwa. Katika maelezo aliyoyaandika kuhusu wimbo huo Bowie alionyesha kwamba angependa albamu nzima ifanyiwe vivyo hivyo. Basi fundi alikuwa ni yuleyule, mpiga ngoma yuleyule, na mwelekeo ulikwisha kuidhinishwa na mwenyewe akiwa hai. Yamkini hakuna marekebisho ya baada ya kifo yenye hati safi kuliko haya.

Lakini hati hiyo yasema nini hasa? Kuna tofauti kati ya wasia na tamanio. Wasia hutamkwa na mtu anayejua kwamba hatakuwapo, mbele ya watu wanaojua kwamba wanapewa amana. Tamanio hutamkwa na mtu aliye hai, akitazama nyuma, na mara nyingi ni njia tu ya kukiri majuto. Mzee anayesema laiti angerudi shule hajamwagiza mwanawe aende akamfanyie mtihani. Alichokisema Bowie mwaka 2008 kilikuwa na sura ya pili zaidi kuliko ya kwanza. Na jambo linalotia nguvu usomaji huu ni kwamba aliishi takriban miaka minane baada ya kukisema. Katika miaka hiyo alirudi studioni, akatoa The Next Day mwaka 2013 na Blackstar mwaka 2016. Albamu ya 1987 hakuigusa. Inawezekana alikosa nafasi, na afya yake haikuwa ile ya zamani. Inawezekana pia kwamba alipopata saa za kufanya kazi alipendelea kuzitumia katika kitu kipya. Katika maisha ya msanii, uchaguzi wa namna hii una uzito kuliko maelezo yaliyoambatana na diski ya gazeti.

Isitoshe, Bowie alikwisha kuijibu albamu hiyo kwa njia ya msanii. Mara tu baada ya ziara ya 1987 alijiunga na Gabrels na wengine kuunda Tin Machine, bendi yenye kelele na ukavu, ambayo albamu yake ya kwanza ya 1989 ilikuwa kinyume cha kila kitu alichokijutia. Kazi yake ya miaka ya 1990, kwa mazuri na mabaya yake, iliota juu ya jivu hilo. Majuto yalikuwa mafuta. Mtunzi anayetubu kwa kutunga kingine amekwisha kulipa deni lake, wala hana haja ya mtu wa kumlipia tena baada ya kufa.

Hapa inafaa kukumbuka visa viwili ambavyo wahakiki wa fasihi huvitaja mara kwa mara, kwani vinaonyesha kioja cha kisa hiki. Inasimuliwa kwamba Virgil, aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo, alitaka utenzi wake wa Aeneid uchomwe moto kwa kuwa haukukamilika. Kaisari Augustus alikataa, akaamuru uchapwe, na waliokabidhiwa kazi hiyo hawakuthubutu kuongeza kitu. Hadi leo msomaji wa Kilatini hukutana na mishororo iliyokatika katikati, nusu yake ikiwa kimya. Kafka naye, kabla ya kifo chake mwaka 1924, alimwagiza rafiki yake Max Brod ateketeze maandishi yake, Brod aliyachapisha. Katika visa hivyo viwili agizo la marehemu lilivunjwa, na ulimwengu umeshukuru. Katika kisa cha Bowie matakwa yake yametimizwa, na watu wamenung'unika. Kioja hiki hutatuka mara inapoonekana kwamba shukrani na manung'uniko hayo hayahusu sana utii. Wasomaji humshukuru Brod kwa sababu aliokoa kitu ambacho kingetoweka. Mashabiki wanaonung'unika wanahofu kwamba kitu kilichokuwapo kinaondolewa, hata kama kwa upole.

Upole huo ndio unaohitaji kuchunguzwa zaidi, na hapa uhakiki wa fani na maudhui una la kusema. Uchukuliwe wimbo Time Will Crawl, ambao takriban kila mtu hukubali kwamba ni bora katika albamu. Chanzo chake ni habari za mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl wa Aprili 1986, zilizomfikia Bowie akiwa Uswisi, wakati wingu lenye sumu lilipokuwa likisambaa juu ya Ulaya. Maudhui ni ya maangamizi. Fani ya 1987 ni ya dansi: ngoma zinazogonga kwa usawa wa mashine, na mng'aro wa redio za wakati ule. Katika matoleo ya baadaye mng'aro umefifia, fidla zimeleta kiza, na muziki sasa unasema jambo lilelile linalosemwa na maneno. Wengi huona hayo kuwa maendeleo, nao wana sababu: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba fani na maudhui sharti vipatane.

Lakini kupatana si jambo moja na kufanana. Mwaka 1986 watu wa Ulaya walisikia habari za Chernobyl redioni, na baada ya habari ukafuata wimbo wa kuchezea dansi. Walisikia, wakaogopa, wakaendelea kucheza. Wimbo wa maangamizi ulioimbwa juu ya ngoma za disko unaibeba hali hiyo ndani yake, iwe mtunzi alikusudia au hakukusudia. Ukiuondoa mng'aro, unauondoa pia ushahidi wa namna watu walivyoishi na hofu ile. Day-In Day-Out, unaohusu maisha ya dhiki mjini, una mgongano huohuo: uchungu uliovishwa nguo za sherehe. Huenda ni kweli kwamba Bowie alizivaa nguo hizo kwa sababu alitaka kupendwa na umati alioupata 1983. Basi tamaa hiyo nayo ni sehemu ya maana ya kazi. Albamu ya 1987 ni picha ya msanii mwenye kipawa anayejaribu kuwapendeza watu wasiokuwa wake, na anayejua, mahali fulani ndani ya koo, kwamba mambo hayaendi. Ni picha yenye huzuni yake, na toleo jipya limeitia rangi juu.

Kuna la kutisha zaidi. Wapigaji wa 2018 walikuwa na Blackstar masikioni mwao. Mmoja wao aliipiga. Muziki waliouweka chini ya sauti ya 1987 una giza lililojifunzwa kutoka kwa Bowie wa mwisho, yule aliyekuwa akifa. Matokeo yake ni kwamba mwanamume wa miaka arobaini, mwenye afya na tamaa, anasikika kana kwamba anakijua kifo chake. Sehemu ya kusemwa inayoufungua wimbo Glass Spider, ambayo watu waliicheka mwaka 1987, sasa inapata uzito wa maneno ya mtu aliyesimama ukingoni. Ni nzuri kusikiliza. Lakini hekima hiyo hakuwa nayo. Aliipata baadaye, kwa gharama yake mwenyewe, na kosa la 1987 lilikuwa sehemu ya gharama hiyo. Kumkopesha kijana hekima ya mzee, hata kama kijana na mzee ni mtu mmoja, ni kuandika tawasifu ya uongo kwa sauti ya mwenyewe. Mwandishi wa riwaya akifanya hivyo kwa mhusika wake husifiwa. Kumfanyia mtu aliyeishi ni jambo jingine.

Mjadala wa mashabiki umemzungumzia Bowie kana kwamba albamu ilikuwa mali ya mtu mmoja, na hili ni pengo kubwa. Sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo Waswahili wa pwani wameifuata kwa karne nyingi, humruhusu mtu kuusia kwa hiari yake theluthi moja tu ya mali. Zinazobaki zina wenyewe. Si lazima mtu awe mfuasi wa sheria hiyo ili aione busara iliyomo: matakwa ya marehemu, hata yakitamkwa waziwazi, yana mpaka pale yanapokutana na haki za wengine. Tuseme tamanio la 2008 lilikuwa wasia kamili. Je, lilihusu upigaji wa Kızılçay? Lilihusu sauti ya Rourke? Hao walifanya kazi, wakalipwa, na kisheria pengine hawana la kudai. Kimaadili, hata hivyo, mtu aliyekaa studioni Montreux akaujenga wimbo chombo baada ya chombo ni mmoja wa watunzi wa kile kinachosikika, na kumwondoa ni kusema kwamba makosa yote yalikuwa yake na uzuri wote ulikuwa wa mwenye jina juu ya jalada. Kugawa lawama kwa namna hii ni rahisi mno. Ngoma za mwaka 1987 zilikubaliwa na Bowie, ambaye alikuwa mtayarishaji.

Historia ya muziki inalo onyo juu ya jambo hili, na kwa kioja cha pekee onyo hilo linatoka katika nyumba ileile. Toleo la 2018 lilirekodiwa katika studio za Electric Lady, New York, ambazo zilijengwa kwa ajili ya Jimi Hendrix na kufunguliwa mwezi Agosti 1970, majuma machache kabla ya kifo chake. Mwaka 1975 ilitoka Crash Landing, albamu iliyotengenezwa na Alan Douglas kutokana na kanda alizoziacha Hendrix: wapigaji wa awali waliondolewa katika nyimbo kadhaa, wapigaji wa kukodi wakawekwa mahali pao, na Douglas akajiandikisha kuwa mtunzi mwenza wa baadhi ya nyimbo. Mashabiki hawakusamehe. Baada ya baba yake Hendrix kurudishiwa haki za kazi ya mwanawe mwaka 1995, familia ilianza kutoa rekodi hizo zikiwa na wapigaji wake halisi. Kulinganisha McNulty na Douglas moja kwa moja kungekuwa dhuluma, kwa kuwa McNulty alikuwa na baraka ya mwenyewe walau kwa wimbo mmoja, na alifanya kazi kwa mapenzi yanayosikika. Hata hivyo umbali kati yao ni wa daraja. Wote wawili walimhifadhi nyota na kuwafuta waliomzunguka.

Fasihi ya Kiswahili inayo desturi ya kuingia ndani ya kazi ya marehemu bila kumfuta mtu. Katika takhmisa, mshairi wa baadaye huchukua ubeti wa mtangulizi wake na kuutangulizia mishororo mitatu, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiyo inayojulikana zaidi. Mgeni hana uhuru wote: vina vyake havina budi kufuata vina vya mwenyeji, na mishororo ya kale huja mwishoni, mahali pa heshima, ikiwa kamili kama ilivyorithiwa. Msikilizaji aliyelelewa katika ushairi hujua sauti moja inapokoma na nyingine inapoanza. Anaweza kumpenda mgeni kuliko mwenyeji, au kumwona mgeni ni mzigo. Kwa vyovyote vile mwenyeji yupo, hajaguswa.

Je, toleo la 2018 ni takhmisa? Watetezi wake wangependa iwe hivyo, na wanayo hoja moja nzuri: mkusanyiko wenyewe uliweka albamu ya 1987 kando ya ile mpya, ikiwa imesafishwa tu, na mwaka umeongezwa katika jina la toleo jipya. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Kwa hoja hiyo, wanaolia kwamba albamu yao imeharibiwa wanatia chumvi. Yafaa pia kukubali kwamba hata mwaka 1987 hapakuwa na matini moja takatifu, maana baadhi ya nyimbo zilikuwa ndefu zaidi katika diski kuliko katika santuri, na mtu aweza kuuliza kwa haki ni ipi iliyo asili.

Bado tofauti ni kubwa. Takhmisa huongeza; haikati. Toleo la 2018 limeibakiza mishororo miwili ya mwimbaji na kuiondoa mitatu ambayo nayo ilikuwa na watunzi wake. Tena takhmisa huitwa takhmisa, na jina la aliyeitunga hutajwa. Never Let Me Down (2018) inabeba jina la Bowie peke yake, na tarakimu katika mabano ndizo zote anazopewa msikilizaji kumwonya kwamba kuna mkono mwingine. Lingekuwa jambo la haki zaidi kama jalada lingesema kwamba huu ni ufasiri wa McNulty na wenzake, kama vile muongozaji wa tamthilia anavyoweka jina lake kwenye tangazo la mchezo wa Shakespeare. Ukisikilizwa kama ufasiri, ni ufasiri wa hali ya juu. Zeroes, kwa mfano, unafunguka kwa namna inayomlazimisha hata mpenzi wa toleo la zamani akiri kwamba hakuujua vizuri. Uhakiki bora hufanya hivyo hivyo: humrudisha msomaji kwenye kazi akiwa na masikio mengine. Shida huanza pale ufasiri unapojiita usahihishaji, kwa kuwa usahihishaji hudai kukaa mahali pa kilichosahihishwa.

Swali la biashara halihitaji maneno mengi. Ni dhahiri kwamba mkusanyiko wenye kitu kipya huuzika kuliko usio nacho, na wanaomiliki rekodi hawafanyi kazi ya hisani. Lakini fedha haithibitishi ubaya wa kazi, kama ambavyo haikuthibitisha ubaya wa Let's Dance. Wanaosimamisha hoja yao yote juu ya uroho wa makampuni hujiepusha na swali gumu zaidi, yaani kama tendo hili lingekuwa sawa lau lingefanywa bure.

Kisa cha wimbo mmoja kinaweza kuonyesha jinsi swali hilo lilivyo gumu. Albamu ya 1987 ilikuwa na wimbo uitwao Too Dizzy, uliotungwa na Bowie pamoja na Kızılçay. Bowie aliuchukia kiasi kwamba albamu ilipotolewa tena mwaka 1995 aliuondoa kabisa, na katika toleo la 2018 pia haumo. Hapa aliyefuta hakuwa mrithi wala fundi, alikuwa mwenyewe, akiwa hai, na akili zake timamu. Na bado wako mashabiki wanaoutafuta katika santuri kuukuu, na wanapoupata huusikiliza kwa makini kuliko pengine unavyostahili. Wengi wao hukiri kwamba si wimbo mzuri. Wanaposoma jina la mtunzi wa pili kwenye karatasi ya katikati ya santuri, hukutana na mtu ambaye hakuulizwa mwaka 1995, wala 2018.